Kibao cha Merle Sobczak

Kakiandika mwenyewe, kwa rangi ya kijani
iliyobaki alipopaka uzio:
INAUZWA. Chini yake bei. Chini ya bei:
MADALALI WASIBISHE.
Nikabisha.

Wausau, mwisho wa Oktoba. Theluji haijaanguka
ila mawingu yameshatia saini.
Nyuma yangu, garini, Kaying Vang na mumewe Tou
wanahesabu madirisha ya juu,
hili la mama mkwe, lile la pacha,
wanahesabu kwa Kihmong, lugha ambayo mimi
najua humo "asante" na "bado".

"Mimi ni dalali wa hao wawili," nikamwambia.
"Si wako. Lisikie hilo kabla ya kahawa."
Akacheka. "Na kahawa itakuwa ya nani?"
Akanimiminia katika kikombe chenye nembo
ya kiwanda cha karatasi kilichomla miaka thelathini na mmoja.

Mtu anayejiuzia nyumba husema.
Husema kama bomba lililosahauliwa wazi.
Kwamba bintiye Tucson ameshamnunulia kitanda.
Kwamba daktari hapendi anavyousikia moyo wake.
Kwamba baridi nyingine humu, peke yake —
nikainua kiganja, kama askari wa barabarani:
"Merle. Unayoniambia nitawapelekea wao.
Ndiyo kazi niliyoajiriwa."
Akanyamaza. Akaongeza sukari.
Akaendelea.

Mkobani nilikuwa na karatasi tatu:
nyumba tatu za mtaa uleule, zilizouzwa tangu Juni,
kila moja juu ya bei yake kwa elfu ishirini, na zaidi.
Bei yake ilisimama mwaka aliofariki Dolores,
na hakuna aliyeijaza ufunguo tena.
"Wewe unazijua nyumba," akasema. "Hii ni bei ya haki?"

Miaka kumi na minne katika kazi hii
na sijaona swali lililonikalia kooni vile.
Mshika mawili, moja humponyoka;
na waliotia saini mkataba wangu
wanalea pacha katika ukungu wa nyumba ya kupanga.
"Swali hilo mpelekee wakili," nikasema. "Au dalali wako.
Si mimi."
Nikarudia. Mara ya tatu nikamwandikia
simu ya chama cha mawakili nyuma ya risiti.
Akaikunja, akaisukuma chini ya kopo la sukari.

Tukashuka chumba cha chini.
Friza kubwa, ukuta wa kaskazini, limekaa upande upande
kama mgeni aliyekosea kiti.
"Hili limekuwa hapa siku zote?"
"Tangu wiki jana."
"Maji, Merle?"
"Tisini na nane. Mara moja tu."
Nikaandika.
Akaitazama kalamu yangu mpaka ikasimama.
"Na mwaka juzi."
Nikaandika.
Hakuwa na mtu wa kumkanyaga mguu.

Usiku ule niliwaambia wote wawili kila kitu:
moyo, Tucson, maji, karatasi tatu.
Tou alitaka tushuke. "Ana haraka," akasema, "umesema mwenyewe."
Nilikuwa nimesema mwenyewe.
Kaying alikuwa akimenya chungwa.
"Bei yake," akasema, "toa pampu mpya."
Nikaandika hivyo. Sikuongeza neno,
wala sikulikosa.

Siku ya funguo alikuja bila wakili,
kavaa tai, chembe za sukari zimenata kwenye ile risiti
aliyonirudishia: "Hii sikuihitaji."
Kisha akafungua buti la gari lake, akanipa kibao.
"Chukua. Kati yenu wote ni wewe tu uliyebisha."

Kipo gerejini kwangu, kimegeuzwa uso.
Upande wa nyuma, kwa penseli,
alijaribu bei nyingine kabla ya ile ya kijani,
akaikata kwa mstari mmoja mwembamba
wa mtu anayeona haya kuomba.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Karibu na dola mia.